Usafi wa kiwandani sio usafi wa ofisini ulioongezewa watu

Wengi wanaamini kampuni inayosafisha ofisi na benki ikiongezewa watu na mafagio inaweza kuhamia kiwandani kesho asubuhi, eti usafi ni usafi. Hapana jamani.

Ofisini unapiga deki, unafuta vioo, unasugua choo, ukikosea mara nyingi ni bosi kulalamika sakafu inateleza. Kiwandani uchafu wenyewe unaweza kuua. Chukua kinu cha kusaga unga, lile vumbi jeupe lililolala juu ya mabomba na vyuma vya dari, ukilifagia kavu au ukalipuliza na kompresa linatimka hewani, likikutana na cheche linaweza kulipuka. Sio stori za kutishana, mwaka 2008 kiwanda cha Imperial Sugar kule Georgia, Marekani, kililipuka kwa vumbi la sukari lililoachwa likajikusanya, wakafa watu 14. Sukari hiihii ya chai! Ndo maana sehemu kama hizo zinatumia vakyumu maalum zisizotoa cheche, na mashine inazimwa umeme, swichi inapigwa kufuli kabla mtu hajaingiza mkono.

Matangi nayo usiseme, hewa inapimwa kwanza ndo mtu aingie, na mwingine anabaki mlangoni kumwangalia.

Ila sio kila kona ya kiwanda iko hivyo, kantini na ofisi za pale getini mtu wa mopu anatosha kabisa, kwahiyo ukiomba bei taja eneo na aina ya uchafu, sio "tunataka usafi" basi.