Shaka ya Mkristo: yanayosemwa na yalivyo

Kuanzia Tukuyu hadi Makambako, Mkristo mwenye shaka hupewa ushauri uleule: kemea, funga, usiulize sana. Mengine humo yanafaa. Mengine yanamzidishia mzigo.

Dhana: Ukiona shaka, imani yako imekufa.

Mathayo 28:17 inasema wanafunzi walimsujudia Yesu aliyefufuka, "lakini baadhi yao waliona shaka". Aya mbili mbele, hao hao wanatumwa kwa mataifa yote. Yohana Mbatizaji naye alituma watu kutoka gerezani waulize kama Yesu ndiye yule ajaye, au wamngojee mwingine. Hakukaripiwa, alijibiwa kwa mambo ya kuonekana: vipofu wanapata kuona, viwete wanakwenda.

Wengi hukimbilia Yakobo 1:6, inayotaka mtu aombe kwa imani bila shaka yoyote. Basi isomeni hadi aya ya 8. Anayeonywa pale ni mtu wa nia mbili, yule wa asubuhi kwa mchungaji na jioni kwa mganga. Mama aliyefiwa anayeuliza "Mungu ulikuwa wapi?" si huyo. Kwa watu kama yeye kuna Yuda 22: wahurumiwe.

Dhana: Wazo baya likija, lisukume kwa nguvu zote.

Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Daniel Wegner, alichapisha jaribio lake: watu waliambiwa wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika 5, na akiwajia wagonge kengele. Kengele zililia, na baadaye waliporuhusiwa kumfikiria, aliwajia zaidi kuliko wale ambao hawakukatazwa. Ndivyo inavyomtokea kijana anayepambana na wazo la kumkufuru Roho Mtakatifu. Kila akilikemea, analikagua kama limeondoka, na kulikagua ni kuliita.

Jiambie tu, "Hili ni wazo, sikulichagua." Usibishane nalo. Endelea na palizi au hesabu za duka, kisha ipe akili cha kushika. Wafilipi 4:8 inaorodhesha mambo ya kutafakari, si ya kufukuza. Wakristo wa Kanisa la Moravian, waliofika Rungwe mwaka 1891, wana desturi nzuri hapa: andiko fupi la kila siku, lililoanza kuchapwa kama kitabu huko Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1731. Kwa akili iliyochoka, aya moja inayokaa kichwani hadi jioni inashinda sura tano zilizosomwa mbiombio.

Dhana: Shaka zote zina dawa moja.

Hapa ndipo washauri wengi hukosea. Mwambie mwenye shaka aiandike kwa sentensi moja. "Sina uhakika na Mungu" haitoshi, ni pana mno. Ikishaandikwa vizuri, utaona iko fungu gani.

Kuna ya habari: je, Yesu alifufuka kweli? Hiyo inataka kusoma. Aanze na 1 Wakorintho 15:3-8, ambapo Paulo anataja mashahidi, kisha alinganishe na Injili. Waberoya, watu wa mji wa Beroya waliohubiriwa na Paulo, walisifiwa kwa kuchunguza Maandiko kila siku, kwa hiyo kumwambia mtu "usisome sana" ni kwenda kinyume nao.

Kuna ya maumivu. Aliyezika mtoto ukimpa hoja, unamfunga mdomo tu. Kaa naye, msome Zaburi 13, au hata ya 88, ambayo inaisha gizani bila jibu.

Kuna ya maisha: mtu ana jambo la siri asilotaka kuliacha, na shaka inampa nafasi ya kuendelea nalo. Huyu hahitaji vitabu, anahitaji toba na mtu wa kumwamini.

Dhana: Mkesha utaimaliza.

Kwa mwenye afya, mkesha hujenga. Kwa asiyelala siku kadhaa, kumkesheza tena Julai kwenye baridi ya Njombe ni kumzidishia ugonjwa. Eliya alipoomba afe, malaika hakumtaka afunge: alimpa mkate na maji, akalala, akaamshwa akala tena (1 Wafalme 19). Mazungumzo na Mungu yalikuja baadaye.

Dhana: Kwenda hospitali ni kukosa imani.

Mawazo yakijirudia kwa saa nyingi kila siku, mtu akikosa usingizi kwa wiki, au akitaja kujiua, apelekwe hospitali. Akitaja kujiua, leo hii na asiachwe peke yake. Kwa mkoa wa Mbeya, Hospitali ya Rufaa ya Kanda inapokea wagonjwa wa akili. Kuna ugonjwa unaojulikana wa mawazo yanayojirudia, na dawa zake huchukua wiki kadhaa kuonyesha nafuu, kwa hiyo asizikatae mapema. Maombi yaendelee sambamba. Akiombewa akajisikia vizuri, asiache vidonge kabla ya kumwona daktari, maana nafuu huenda imetokana na vidonge vyenyewe.