Je, wajua? Kijiti kimoja kinaweza kuhesabiwa kama miti 3,183

Niliposoma kwamba misitu ya Tanzania Bara ni hekta milioni 48.1, niliamini setilaiti ndiyo iliyohesabu, na nikawaeleza wenzangu hivyo bila aibu. Kumbe setilaiti huona majani ya juu. Picha zake zilisaidia kupanga kazi na kuchora ramani, lakini unene wa shina hauonekani kutoka huko. Mninga na mti usio na soko vinaweza kufanana kabisa, na kisiki cha juzi kimefichwa na matawi ya mti jirani.

NAFORMA, tathmini ya kitaifa ya misitu iliyoanza 2009 na kutoa takwimu hiyo 2015, ilifanywa kwa miguu. Watu waliingia porini na futi kamba wakapima viwanja vya sampuli zaidi ya 30,000.

Uhondo uko kwenye kiwanja chenyewe. Ni duara nne, moja ndani ya nyingine, kama mawimbi ya jiwe lililotupwa bwawani. Kutoka katikati hadi mita 15 unapima miti yenye kipenyo cha zaidi ya sentimita 20 tu. Ndani ya mita 10, inayozidi sentimita 10. Ndani ya mita 5, inayozidi sentimita 5. Ndani ya mita 1, hata kijiti cha sentimita moja.

Ni sawa na kukagua ghala la nazi na mchele. Nazi utazihesabu zote. Mchele utajaza kibaba kimoja, uhesabu punje zake, kisha uzidishe. Duara la mita 15 ni kama mita za mraba 707, hivyo kila mti mkubwa ndani yake unasimama kwa niaba ya miti 14 hivi katika hekta. Duara la mita 1 halifiki hata mita za mraba 4, kwa hiyo kijiti kimoja kinawakilisha wenzake 3,183. Mpimaji akiona uvivu kuinama, amefyeka kichaka kizima kwenye karatasi!

Kosa la kiwanja kimoja humezwa na maelfu ya vingine. Tatizo ni mimea adimu. Mti unaoota kwenye bonde moja tu la Usambara unaweza usiangukie duara hata moja, na kanzidata ikanyamaza huku mti wenyewe umesimama pale pale.