Ongeza mashine, uchelewe zaidi

Nimeletewa tena ombi lilelile: "Mtiririko wetu unachelewa, tuongezee nodi." Mtiririko ni kazi za kompyuta zinazosubiriana, nodi ni mashine ya kuziendesha. Jamani. Nikiuliza kazi ipi inaisubiri ipi, kimya.

DAGMan, sehemu ya HTCondor (mfumo wa kugawa kazi kwa mashine nyingi) inayosimamia mitiririko, haipeleki kazi ya mtoto, yaani inayosubiri, kwenye foleni mpaka ya mzazi, inayosubiriwa, iishe, hata kama una klasta (kundi la mashine) nzima inayopiga miayo. Hilo wengi wanalikubali. Wasichokubali ni kwamba mashine ya ziada inaweza kukuchelewesha, na mwanahisabati Ronald Graham alishalionyesha mwaka 1966.

Chukua kalamu. Kazi 9, K1 hadi K9, zenye dakika 3, 2, 2, 2, 4, 4, 4, 4 na 9. K9 inasubiri K1. K5 hadi K8 zinasubiri K4. Kanuni ni moja: mashine ikiwa huru, inachukua kazi ya kwanza kwenye orodha iliyo tayari. Ukiwa na mashine 3, unamaliza dakika ya 12. Haya, ongeza ya nne. K4 sasa inaanza mwanzoni kabisa na kuisha dakika ya 2, kwa hiyo K5, K6 na K7 zinanyakua mashine tatu zilizoachiwa. Dakika ya 3 K1 inaisha, na mashine yake inakwenda kwa K8 kwa kuwa imetangulia kwenye orodha. K9, ndefu kuliko zote, inakaa nje mpaka dakika ya 6. Unamaliza dakika ya 15! Rudi kwenye mashine 3, punguza kila kazi dakika moja: 13, bado mbaya kuliko 12.

Kosa si la mashine, ni la orodha. Ukiitanguliza K9 mbele ya K8, mashine 4 zinamaliza dakika ya 12. Hazishuki hapo, maana K1 na K9 zikifuatana ni dakika 12, na hata ukileta mashine 1,000 hazitapungua.

Utaniambia kuna HEFT, kanuni ya kupanga kazi ya mwaka 2002, inayotanguliza kazi yenye mkia mrefu zaidi wa kazi zinazoisubiri nyuma yake, muda wa kuhamisha data ukiwemo. Nzuri sana kwenye karatasi. Lakini inataka dakika za kila kazi, na kwenye gridi, yaani mashine za vituo vingi zilizounganishwa, dakika hizo nani anazijua? Mtumiaji anaandika saa moja, kazi inakula nne. Kituo kinajaa ghafla, mpango wote unapanguka. Kusema kweli, sina hakika kama hesabu hizo zinanifaa kuliko kutanguliza tu zile ndefu kwa kukisia na kuzipeleka kule data iliko.

Nenda kaangalie vikazi vyako vidogo kwanza. Kazi ya sekunde tano inayosota foleni dakika mbili haihitaji nodi mpya. Ifunge pamoja na wenzake mia iende kama kazi moja. Pegasus, programu ya kuendesha mitiririko, inafanya hivyo yenyewe ukiiambia.