Mfarishi mdogo wa sanaa na wanasesere wa Kijapani

Mfarishi ni kazi ya matabaka matatu: uso wa juu wenye viraka au picha, pamba katikati, bitana chini, kisha mishono inayopenya yote matatu ili yashikane. Siku hizi wengi wanauita kwilti. Mfarishi wa sanaa una matabaka hayohayo, ila haukushonwa ili mtu ajifunike. Hutundikwa ukutani na kutazamwa kama picha, na aliyeushona ametia humo wazo lake mwenyewe.

Dhana hii ilishika mizizi zaidi Marekani. Mwaka 1971 jumba la makumbusho la Whitney, New York, lilitundika mifarishi ya zamani ukutani kama michoro, na tangu 1979 mji wa Athens, Ohio, una maonyesho ya Quilt National, yaliyoanzishwa kwa ajili ya mifarishi ya aina hii. Japani nayo haikubaki nyuma: kuanzia 2002 maonyesho ya kimataifa ya mifarishi yalifanyika ndani ya Tokyo Dome, uwanja wa besiboli.

Mdogo ni wa kiasi gani? Wapo wanaoshona wa ukubwa wa postikadi, sentimita 10 kwa 15, na wengine hufika karatasi ya A4. Udogo huo una faida kubwa. Kipande cha hariri kilichobaki baada ya kushona nguo kinatosha, na wazo likikataa hujapoteza mita nne za kitambaa.

Sasa, kwa nini wanasesere wa Kijapani? Kwa sababu mwanasesere wa huko mara nyingi ana kazi zaidi ya kuchezewa na mtoto. Anakinga, anaombea, anabeba mikosi. Na mara nyingi yeye mwenyewe ni kazi ya kitambaa na sindano.

Chukua wanasesere wa hina. Tarehe 3 Machi, familia zenye mabinti huwapanga juu ya ngazi zilizofunikwa kitambaa chekundu. Seti kamili ina ngazi saba na wanasesere 15: mfalme na malkia juu kabisa, chini yao mabibi watatu wa kasri, kisha wapiga muziki watano, na kuendelea. Desturi hiyo ina uhusiano na nyingine ya kale zaidi, ya kuhamishia mikosi ya mtu kwenye mwanasesere wa karatasi na kumwachilia aende na maji. Mochigase, mkoani Tottori, mpaka leo wanasesere wa karatasi huelea mtoni juu ya visahani vya majani makavu.

Seti ya hina ni ghali, na si kila nyumba iliimudu. Hapo ndipo tunafika kwenye desturi ambayo, kwa maoni yangu, iko karibu zaidi na mfarishi mdogo kuliko zote. Katika mji wa Inatori, kwenye rasi ya Izu, bibi na mama na majirani walishona maumbo madogo kwa vipande vya kimono (vazi la jadi la Kijapani) kuukuu, wakayajaza pamba na kuyaning'iniza kwenye nyuzi nyekundu. Kila umbo lina maana. Pichi humtakia mtoto maisha marefu na kufukuza uovu. Tumbili mwekundu huondoka na mikosi. Pembetatu ni kifuko cha dawa, ili mtoto asiugue. Yanagawa, mkoani Fukuoka, wana yao pia: nyuzi saba zenye maumbo saba kila moja, na katikati mipira miwili iliyozungushiwa nyuzi za rangi, jumla 51. Watu wa zamani walihesabu maisha ya mtu kuwa miaka 50, wakaongeza mmoja kwa kumtakia mtoto zaidi.

Kwa hiyo anayeshona tumbili huyo kwenye mfarishi wake hachukui pambo tu. Anarudia kitendo kilekile kwa malighafi ileile. Ndiyo maana nasisitiza ujue kwanza mwanasesere wako ni nani na anafanya nini, kabla hujashika mkasi. Mfarishi unaochanganya taji la hina, mwili wa kokeshi (mwanasesere wa mti) na maua yoyote yale, kwa vile tu vyote ni vya Kijapani, hausemi kitu.

Kokeshi ndiye mwanasesere mwepesi zaidi kwa anayeanza. Anatoka Tohoku, kaskazini mashariki, ambako mafundi waliokereza bakuli za mti walianza kuwakereza na wanasesere wa kuwauzia wageni wa chemchemi za maji moto. Hana mikono wala miguu: kichwa cha mviringo, mwili wa mche duara, basi. Wa Naruko ana maua ya krisanthemamu mwilini, na ukimgeuza kichwa hulia kwa mlio mwembamba. Umbo hilo linaingia vizuri kwenye kitambaa cha sentimita 15, kwa vipande vitatu tu: uso, nywele, mwili.

Mwenye kimono ana mtego mmoja ambao lazima nikae nao kidogo. Kola ya kimono hufungwa kwa kulaza upande wa kushoto wa mvaaji juu ya upande wa kulia. Kinyume chake ndivyo anavyovalishwa maiti. Ukimtazama mwanasesere kwa mbele, kola isomeke kama herufi ndogo y. Tatizo ni kwamba washonaji wengi hutumia karatasi ya gundi inayobandikwa kwa pasi. Unachora umbo juu ya karatasi, unaibandika nyuma ya kitambaa, unakata, unageuza, na mchoro wako umepinduka kushoto kulia bila wewe kutambua. Mwanasesere aliyekusudiwa kumwombea mtoto heri anatoka amevaa sanda. Dawa yake ni kuupindua mchoro kwanza: ubandike kwenye kioo cha dirisha, uso wake ukielekea nje, kisha uunakili kwa nyuma.

Uso nao unataka mkono mwepesi. Wanasesere wa hina kwa kawaida hupakwa uso kwa unga mweupe wa maganda ya chaza, hivyo pamba nyeupe isiyo na mng'aro inawafaa kuliko rangi ya waridi. Uzi wa kudarizi huwa na nyuzi sita zilizosokotwa pamoja. Chomoa mmoja tu kwa macho na mdomo. Mishono miwili iliyopinda kidogo ni macho tayari. Ukiongeza kope na mashavu, umepata katuni.

Ukitaka mwanasesere ainuke kutoka kwenye kitambaa, Wajapani wana ufundi wao unaoitwa oshie. Kila sehemu ya picha hukatwa kwenye karatasi ngumu, huwekewa pamba juu, kisha hufunikwa hariri ambayo kingo zake hukunjwa nyuma. Vibao vya mchezo vyenye sura za waigizaji wa kabuki, tamthilia ya jadi ya Kijapani, vilivyotengenezwa hivyo huuzwa katika soko la hekalu la Senso-ji, Tokyo, kila tarehe 17 hadi 19 Desemba. Kwenye mfarishi mdogo, sehemu moja au mbili zikiinuliwa hivyo, kwa mfano mikono ya kimono, zinatosha.

Mandhari ya nyuma ndiyo inayobeba mishono ya kushikanisha matabaka, na hapa sashiko, mishono ya jadi ya Kijapani, inafaa sana: uzi mweupe juu ya kitambaa cha buluu ya nili. Ruwaza ya jani la katani (mmea wa jamii ya bangi, si mkonge) huwekwa kwenye nguo za watoto wachanga, kwa sababu katani hukua haraka na kunyooka. Ruwaza ya mawimbi itamfaa mwanasesere anayeachiliwa majini. Mistari ya sashiko inapokutana katikati ya nyota, nyuzi hazigusani; huachwa kitundu kidogo sana, na kitundu hicho ndicho kinachoifanya ruwaza ionekane safi.

Kuhusu kitambaa, hariri ya kimono ni nzuri lakini si lazima. Kitenge au kanga ya pamba inafaa, mradi ruwaza yake iwe ndogo. Ua la upana wa kiganja halionekani kwenye mwili wa sentimita sita. Na tusisahau kwamba Japani ilikuwa miongoni mwa nchi zilizochapa kanga za soko letu katika karne ya 20, kwa hiyo vitambaa hivi si wageni wao kwa wao.

Ukimaliza, zungushia utepe kwenye kingo, shonea kifuko chembamba nyuma cha kupitishia kijiti, na uutundike mbali na jua, maana hariri kuukuu huchanika na nili hupauka. Mfarishi wa hina hutolewa Februari na kuhifadhiwa baada ya tarehe 3 Machi. Wa kokeshi hauna msimu.