Kisanduku kirefu hakimaanishi watu wengi: dhana potofu katika kulinganisha data kwa grafu

Dhana: Ukilinganisha makundi mawili, ukishapata wastani wa kila upande, kazi imekwisha.

Darasa moja lina alama 48, 49, 50, 51 na 52. Jingine lina 20, 35, 50, 65 na 80. Wastani ni 50 kote. Chora nukta za kila darasa juu ya mstari wa namba, na hata anayechukia hesabu ataona kuwa mwalimu wa darasa la pili ana kazi tofauti kabisa. Mwaka 1973 mwanatakwimu Francis Anscombe alitunga seti nne za data zenye wastani uleule, ila zikichorwa kila moja ina sura yake.

Dhana: Kwenye mchoro wa kisanduku, sehemu ndefu ndiyo yenye watu wengi.

Hili ndilo kosa sugu kuliko yote, na simlaumu mwanafunzi. Miaka yote grafu ya pau imemzoesha kwamba kirefu ni kingi. Mchoro wa kisanduku hugawa data iliyopangwa kwa ukubwa katika robo nne: kisanduku hubeba robo mbili za kati, zikitenganishwa na mstari wa mediani, yaani namba ya katikati, na sharubu ni mistari miwili inayotoka kisandukuni hadi namba ndogo kabisa na kubwa kabisa.

Maelezo peke yake hayamwondolei dhana hii. Mpe data achore. Tuseme wanafunzi 12 hutumia dakika hizi kufika shuleni: 1, 3, 4, 6, 7, 8, 10, 12, 15, 21, 25, 30. Mediani ni 9, robo ya kwanza inaishia 5 na ya tatu 18. Kisha kila namba aiwekee nukta juu ya kisanduku, ahesabu. Kati ya 5 na 9 kuna watu watatu. Kati ya 9 na 18, watatu. Sharubu la kulia, kutoka 18 hadi 30, ni refu mara tatu ya lile la kushoto, nalo lina watatu tu. Urefu unaonyesha watu walivyotawanyika. Idadi ni robo ileile kila sehemu.

Dhana: Kundi lenye mediani kubwa linalizidi jingine, basi.

Linalizidi kwa kiasi gani? Pengo la alama 2 kati ya mediani ni kubwa ikiwa alama za kila kundi zimebanana ndani ya alama 3. Zikiwa zimetapakaa kwenye alama 40, visanduku karibu vitafunikana, na wengi wa kundi la "chini" watawapita wengi wa kundi la "juu". Mwanafunzi akiandika "A ni bora kuliko B" bila kutaja mtawanyiko, mimi humrudishia daftari.

Dhana: Histogramu mbili zikikaa pamoja, zinalinganishika.

Histogramu ni grafu ya nguzo zinazoonyesha idadi ya watu katika kila fungu la namba. Sharti mhimili wa chini uwe na vipimo sawa, na ni vizuri moja ikae juu ya nyingine ili jicho lishuke wima. Idadi zikitofautiana, tumia asilimia: nguzo ya watu 12 katika kundi la 60 ni asilimia 20, wakati nguzo fupi ya watu 8 katika kundi la 20 ni asilimia 40.