Filamu ya antholojia ni nini? Tuitazame The Acid House

Filamu ya antholojia ni filamu moja iliyobeba hadithi fupi kadhaa, kila moja na wahusika wake na mwisho wake. Hadithi ya kwanza ikiisha, imekwisha, usiisubiri iendelee. Kinachozifunga pamoja ni mahali, tabaka la watu, au namna ya kuyatazama maisha. Kifungo hicho kikikosekana, unabaki na filamu fupi zilizopangwa foleni.

Mfano ninaoupenda ni The Acid House ya mwaka 1998, iliyoongozwa na Paul McGuigan. Mswada aliuandika Irvine Welsh kutokana na hadithi zake tatu. Kifungo chake ni watu wa mitaa ya nyumba za halmashauri, yaani nyumba za kupanga za serikali ya mtaa, mjini Edinburgh, Uskoti, mitaa ambayo mtalii anayekwenda kuiona ngome ya mji huo hafiki.

Hadithi ya kwanza ndiyo nzito. Boab, kijana anayekaa kwa wazazi wake, anaachwa na timu yake ya mpira, anafukuzwa nyumbani, anaachwa na mpenzi, anapoteza kazi na kuishia mikononi mwa polisi. Kisha anakutana na Mungu baa, mzee mwenye ghadhabu, anayemlaumu kwa kuuchezea uwezo aliopewa. Mungu huyo anakiri kwamba naye ana uvivu uleule, na hilo ndilo linalomkasirisha. Anamgeuza Boab kuwa nzi, na mwishowe mama mzazi wa Boab ndiye anayemuua bila kujua. Huo ndio ucheshi mchungu: balaa linarundikana hadi unacheka, huku ukijua kuwa kukosa kazi na pa kulala ni jambo linalowapata watu kweli.

Katika ya pili, Johnny, mpole kupita kiasi, ananyang'anywa mke na jirani wa ghorofa ya juu, ambaye hata umeme anauiba kutoka kwa Johnny. Inaumiza zaidi kwa sababu haina miujiza yoyote.

Mwigizaji Maurice Roëves, aliyekuwa Mungu, anajitokeza tena katika hadithi nyingine akiwa mtu tofauti. Ni uzi mwembamba, lakini unatosha kumkumbusha mtazamaji kwamba bado yumo katika filamu ileile.

Ya tatu naiona dhaifu kidogo, ila wazo lake ni kali. Coco Bryce, shabiki wa mpira, anameza LSD, dawa ya kulevya inayomfanya mtu aone yasiyokuwepo, radi inapiga, na nafsi yake inahamia kwa kichanga cha wazazi wenye nafasi. Hapo ndipo filamu inapoingia kwenye nyumba ya watu wasio wa tabaka lake.