Umeshindwa kesi ya mnunuzi Nairobi: rufaa inakatwa wapi?

Tuseme mtu amenunua friji ya shilingi 68,000 Luthuli Avenue, akaipeleka kwake Machakos, na haigandishi hata maji. Duka likakataa kurudisha pesa. Akafungua madai katika Mahakama ya Madai Madogo, Milimani jijini Nairobi, ambayo husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, akashindwa. Sasa anataka kukata rufaa Machakos, karibu na nyumbani.

Hapo sipo. Rufaa hufuata mahakama iliyotoa uamuzi, wala si makazi ya mnunuzi au makao makuu ya kampuni. Mahali mdaiwa anapoishi au kufanyia biashara, na mahali mgogoro ulipozuka, huangaliwa wakati wa kufungua kesi, chini ya kifungu cha 15 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai. Kesi ikishaamuliwa Milimani, rufaa hupelekwa Mahakama Kuu, Milimani. Ni kweli Mahakama Kuu ni moja kwa nchi nzima, na faili iliyopelekwa kituo kisicho chake inaweza kuhamishwa, ila wiki nzima nzima hupotea hivyo.

Kukosea ngazi ni kubaya zaidi. Mahakama isiyo na mamlaka haiwezi kupiga hatua hata moja; Mahakama ya Rufaa ilisema hivyo mwaka 1989 katika kesi ya meli Lillian S, na mawakili huinukuu mpaka leo. Kutoka Madai Madogo unakwenda Mahakama Kuu, na kifungu cha 38 cha Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya 2016 kinasema uamuzi wa huko ni wa mwisho.

Kifungu hichohicho kinaruhusu rufaa kwa masuala ya sheria tu. Hapa ndipo rufaa nyingi huanguka. Mwamuzi akisema hakuamini kwamba friji ilifika ikiwa mbovu, hilo ni suala la ushahidi, na kulirudia juu hakusaidii. Lakini akikataa ujumbe wa M-Pesa kwa kushikilia kwamba sheria inadai risiti ya karatasi, hapo una hoja ya sheria: kifungu cha 32 hakiifungi mahakama hiyo kwa kanuni kali za ushahidi. Andika kila sababu ya rufaa kwa namna hiyo, ukitaja sheria iliyokosewa na mahali ilipokosewa katika hukumu.

Muda ni siku 30, chini ya kifungu cha 79G cha Sheria ya Mwenendo wa Madai. Siku za kusubiri nakala ya amri huondolewa kwenye hesabu iwapo mahakama itathibitisha kwamba zilihitajika kuitayarisha. Kwa hiyo omba nakala kwa barua siku ileile hukumu inaposomwa, na ubaki na nakala ya barua yenye muhuri. Bila barua, ni vigumu kuonyesha kwamba uchelewaji haukuwa wako.

Tena, kufungua rufaa hakuzuii utekelezaji wa hukumu. Kama umeamriwa kulipa gharama za kesi, dalali wa mahakama anaweza kufika mlangoni rufaa ikiwa bado mezani. Omba zuio la utekelezaji chini ya Agizo la 42, kanuni ya 6, la Kanuni za Mwenendo wa Madai: uombe bila kukawia, uonyeshe hasara kubwa itakayokupata, na uwe tayari kuweka dhamana.